Mlima wa Kijani kwenye Kompyuta ya Mama

Vumbi likiungua ndani ya pawa saplai ya kompyuta lina harufu yake, na aliyewahi kuisikia haisahau. Inakaribiana na nywele zilizoguswa na moto, na nyuma yake kuna utamu kidogo unaokera. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Same mjini, harufu hiyo naivuta karibu kila siku na hainipi shida. Lakini mwezi uliopita, nilipomaliza kuisafisha sipiyu ya zamani ya Mama na kuichomeka kwenye umeme, harufu ilipotoka nilizima swichi haraka nikakaa chini. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nikageuka kuangalia mlangoni kama Mama anakuja.

Na kweli alikuwepo. Tangu tumhamishe kutoka kijijini milimani anaishi nami, na akichoka kukaa nyumbani huja dukani kwangu na ungo wake wa maharage, akakaa mlangoni kuchambua huku akiwakosoa wapita njia. Sipiyu ile tuliikuta stoo kwake siku ya kuhama, nyuma ya debe la mahindi, ikiwa bado imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Nikamwambia nitaifufua iwe kama ilivyokuwa: monita ile ile yenye kisogo kirefu, kibodi ile ile iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Diski yake ilikuwa imekufa, nikapata nyingine ya zama zile kutoka kwa fundi mwenzangu anayependa mashine kongwe. Vipuri havikunisumbua hata kidogo. Kilichonishinda ni swali ambalo kwa wateja nalimaliza kabla hawajakaa: niipigie Windows ipi?

Mashine yenyewe ina kumbukumbu ndogo. Fundi mwenye akili angeiwekea ile ya zamani, iliyokuwa ikiwaka na picha ya anga la bluu na mawingu meupe, maana ndiyo aliyoizoea Mama. Au angeiwekea mfumo mwepesi wa bure, mashine ikapata uzee mwema. Ni mpumbavu tu ambaye angeiwekea ile iliyofuata, yenye picha ya mlima wa kijani, ambayo kwa mashine hii ni mzigo wa kuivunja mgongo. CD zote mbili zilikuwa mezani kwangu, ya mawingu na ya mlima, na siku ya tatu ilikuwa inakwisha sijaweka hata moja.

"Sasa mwishowe unaiwekea ipi?" Mama aliuliza bila kuinua macho kwenye ungo.

Kumjibu kulikuwa ni kusema jambo ambalo sijalisema tangu nikiwa darasa la tano.

Kijijini kwetu maji ya kumwagilia yanatoka kwenye ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo ambalo wazee wa zamani walilijenga kwenye mbavu za mlima. Jioni kizibo kinafungwa, kijito kinaingia taratibu, asubuhi ndiva imejaa. Mwenye zamu anafungua kizibo, maji yanashuka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Kesho yake ni ya mwingine. Mwaka wa mvua nzuri hakuna anayegombana. Mwaka wa ukame zamu moja ikiruka, mahindi yanajikunja majani, na mwenye shamba anaanza kuuliza bei ya unga.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya ndiva. Kabla yake zamu zilikaa vichwani mwa wazee. Sisi Wapare tunasemwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na sitapoteza muda kukanusha. Kila zamu ilikuwa kesi. Mama akaziingiza zote kwenye kompyuta aliyoletewa na mjomba kutoka Dar: nani anafungua lini, nani alikosa kwa sababu ya msiba na anarudishiwa siku gani, nani hakufika kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzoa tope, akasogezwa nyuma. Kila baada ya wiki mbili alichapa orodha akaibandika kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Mtu akibisha anapelekwa mlangoni, anasoma, anaondoka. Kesi zikaisha, na daftari lake la mkono Mama akaacha kuliandika. Wazee nao, kidogo kidogo, wakaacha kukumbuka.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko tambarare, akija mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa yangu mimi na Mama. Yeye aliitumia, mimi niliifuta vumbi na kukinyoosha kitambaa, na nilijiona mtu mkubwa.

Mwaka ninaousema mvua za vuli zilikataa. Mawingu yalikuwa yanakuja kila mchana, meupe, manene, yanakaa juu ya mlima mpaka jioni, kisha yanaondoka bila hata tone. Nilikuwa nimeyachoka. Kompyuta nayo ilianza kuganda. Mama akiwa katikati ya kuchapa, kila kitu kinasimama, naye anaanza upya huku akigonga meza kwa kidole kimoja. Binamu yangu Eli, aliyekuwa sekondari na amekuja likizo, aliikagua akasema imejaa uchafu. Inatakiwa isafishwe yote na kupigwa Windows upya. Alikuwa na CD mbili, kila moja kwenye karatasi iliyochapwa rangi. Kwenye moja kulikuwa na mawingu. Kwenye nyingine kulikuwa na mlima wa kijani, laini, chini ya anga safi.

"Mtachagua wenyewe," alisema. "Mimi nashuka Ndungu kumsaidia baba yangu kuvuna mpunga, nitarudi Jumapili. Msiiguse mpaka Mama mdogo atoe orodha yake aiweke kwenye disketi. Kusafisha kunafuta kila kitu. Umesikia, Namkunda?"

Nilisikia. Aliacha CD kwenye droo pamoja na karatasi aliyoandika hatua zote, kitufe kwa kitufe, ili asizisahau. Anayesoma nilichokifanya baada ya hapo ataniona nilikuwa mtoto mkorofi. Ukorofi ninao mpaka leo, lakini siku ile haukuwa ukorofi.

Siku moja kabla tulikuwa na msaragambo kwenye ndiva. Shule ilitutoa mapema, tukaenda na ndoo na madebe. Kizibo kilifunguliwa maji yote yakaondoka, hadi tone la mwisho. Chini likabaki tope jeusi linalonuka majani yaliyooza, nasi tukaingia ndani yake hadi magotini, tukalizoa, tukalitupa nje. Nakumbuka baridi yake kati ya vidole vya miguu. Tulipomaliza ndiva ilikuwa tupu kabisa, unaona mawe yaliyopangwa na watu waliokufa zamani. Kisha kizibo kikafungwa tukaenda nyumbani. Asubuhi nilipopita kwenda shule, maji yalikuwa yamerudi. Machache, kwa sababu ya ukame, lakini safi kuliko ya jana.

Ndivyo nilivyojua kusafisha. Unaondoa kila kitu, unazoa uchafu, unafunga, unakwenda zako, na kilichokuwemo kinarudi chenyewe asubuhi. Eli aliposema kunafuta kila kitu, nilimwona mtu wa tambarare asiyejua ndiva. Orodha ilitakiwa kubandikwa Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jumapili ilikuwa mbali mno, na nilitaka Mama aikute mashine yake nyepesi na asigonge meza tena.

Kuhusu CD sikusita. Mawingu tulikuwa nayo tele na hayakutusaidia kitu. Niliutazama ule mlima wa kijani, nikaamini kabisa kwamba ni mlima wetu, umepigwa picha mwaka wa mvua, na kwamba nyumba yenye picha hiyo ndani haiwezi kukosa mahindi. Nikachagua kijani.

Mama alikuwa na kikao shuleni. Nilifunga mlango, nikakunja kitambaa mara nne, nikakiweka kwenye kiti. Nilibonyeza kama karatasi ilivyosema. Skrini ikawa bluu tupu na maandishi meupe ya Kiingereza ambayo sikuyaelewa nusu. Mahali fulani iliuliza jambo, ikauliza tena, ya tatu ikataka kitufe kimoja tu. Hapo kidole kilisimama. Hakuna aliyekuwa ananiangalia, lakini niligeuka kuutazama mlango. Nikabonyeza. Mstari wa njano ukaanza kutambaa, sipiyu ikaunguruma, ikatoa ile harufu.

Ilipokwisha, mlima ulijaa skrini yote. Nilipiga makofi peke yangu. Nikatafuta orodha, haikuwepo, nikasema ni sawa, ndio kwanza tumefunga kizibo. Nikaizima, nikaifunika, nikaitupa karatasi ya Eli motoni kwenye mafiga.

Alhamisi nilipoamka, kabla hata ya kunawa uso, nilifunua kitambaa nikawasha. Mlima tu. Nikajiambia mwaka wa ukame inajaa polepole.

Jioni Mama aliiwasha ili achape. Nilikuwa jikoni. Nilimsikia akibofya kipanya, akabofya tena. Nilipochungulia alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, mwanga wa kijani usoni.

"Namkunda, kuna mtu ameigusa hii?"

"Sijui, Mama."

Aliniangalia kwa muda ambao mpaka leo naweza kuuhisi shingoni. Kisha akasema "haya," akarudi kutafuta. Alitafuta mpaka ugali ukapoa. Sikuweza kumwambia asubiri asubuhi, maana ningelazimika kusema nimejuaje.

Ijumaa asubuhi kompyuta ilikuwa haijajaa. Nikiwa njiani kwenda shule nikasikia sauti kwenye ndiva, nikapanda kuangalia. Mzee Senkondo, mjumbe wa kamati, alikuwa amesimama upande mmoja wa kizibo na jembe begani. Upande wa pili alikuwepo Mama Nakiete, mjane wa jirani yetu, na jembe lake. Orodha ya zamani iliishia jana yake, mpya haikuwepo mlangoni, na kila mmoja alikuwa na Ijumaa yake kichwani.

"Narudishiwa siku ya msiba wa mdogo wangu," Mzee Senkondo alisema. "Mwalimu mwenyewe aliniambia."

"Na mimi niliyelaza mgonjwa wiki mbili, Mwalimu hakuniambia?"

"Mama Nakiete, usiguse hicho kizibo."

"Na wewe Mzee, kwa heshima zote, usikiguse."

Watu walikuwa wameanza kujaa. Ndiva nayo, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, ilikuwa imejaa, na kwa kuwa hakuna aliyefungua, maji yakaanza kupita juu ya ukingo na kumwagikia korongoni, ambako hakuna shamba la mtu. Tuliyaona sote. Yalikuwa yanaporomoka kwenye mawe kwa sauti nzuri, ile sauti tuliyokuwa tunaiota tangu Oktoba, yakipotea.

"Yamwagike," alisema Mzee Senkondo.

"Na yamwagike," alisema Mama Nakiete, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Mama alifika akihema, vumbi la chaki bado mikononi. Akasimama katikati yao. Aliwaambia mashine imepata hitilafu, anaomba siku mbili. Nyuma ya watu sauti ya mwanaume ikauliza kwa nini iharibike wiki hii, Ijumaa inapodaiwa na watu wawili. Mwingine akaijibu, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba Mwalimu ameiuza Ijumaa. Hakuna aliyecheka wala aliyekemea. Mama alishika pindo la kanga yake akalisokota kidoleni, akalisokota mpaka kidole kikawa cheupe.

Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Nikakimbia nyumbani badala ya shule, nikafunua kitambaa. Mlima ulikuwa kijani vilevile, bila mtu hata mmoja. Nakumbuka nikiwa nimeegemeza paji la uso kwenye kioo, kina joto, nikiusihi ujae. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuogopa kwamba huenda hakuna kijito kinachoingia humo ndani.

Jumapili Eli alirudi kutoka Ndungu. Aliangalia skrini, akaangalia droo, akaniangalia mimi. Akasema tu kwamba amechelewa.

Mkutano ulikuwa mchana ule kwenye darasa la sita. Nilikaa nje chini ya dirisha, nikachungulia. Mama alisimama mbele, mahali anaposimama kufundisha hesabu.

"Orodha nimeifuta mimi," alisema. "Nilitaka kuisafisha mashine, sikujua. Hakuna aliyeuza zamu, hakuna aliyenunua. Makosa ni yangu."

"Unaapa, Mwalimu?" aliuliza Mzee Senkondo.

"Naapa."

Nilimsikia mama yangu, ambaye alinichapa kwa kusema nimenawa mikono kumbe sijanawa, akiapa mbele ya kijiji kizima. Nami, kwa akili yangu ya utoto, sikuwaza kwamba anadanganya. Niliwaza kwamba anaamini. Amejisahau, nikasema moyoni, anadhani ni yeye. Nikafurahi. Naliandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilifurahi, nikaenda kucheza rede.

Akajivua ukatibu siku hiyohiyo, na zamu yetu ya msimu mzima akawaachia Mzee Senkondo na Mama Nakiete wagawane. Mahindi yetu yaliishia kimo cha goti langu. Orodha mpya iliwachukua vikao vitatu kuikumbuka, na bado wapo waliotoka wamenuna. Na jina likampata Mama: Mwalimu wa Ijumaa. Hawakulisema mbele yake, walilisema akishapita kidogo tu, ili asikie. Aliishi nalo kijijini pale mpaka tulipomhamisha. Kompyuta aliifunika kitambaa, hakuiwasha tena.

Nilipokuwa mkubwa nikaelewa kwamba diski si ndiva. Nikasomea kazi hii, na mteja akiniletea mashine namuuliza mara tatu: una vitu vyako humu? Wengine hukasirika. Mara nyingi, nikienda kumsalimia kijijini, nilipanda mlima na maneno yamepangwa mdomoni, nikashuka nayo. Kila mwaka uliopita uliongeza uzito wake. Na sasa Mama amezeeka, kifua kinamsumbua, na kila baridi inapoanza naogopa kwamba nitabaki na neno hilo peke yangu.

"Namkunda," Mama alisema kutoka mlangoni. "Nimekuuliza ipi."

Nikawasha swichi. Harufu ikatoka, safari hii nikaiacha itoke. Nikaichukua CD ya mlima, nikaiingiza. Skrini ikawa bluu, maandishi meupe, maswali yale yale. Likafika lile la mwisho, linalotaka kitufe kimoja. Kidole kikasimama palepale kiliposimama nikiwa darasa la tano.

"Mama, ile orodha niliifuta mimi."

Alitoa kijiwe kwenye maharage akakitupa nje.

"Eli alisema tusubiri Jumapili," nikaendelea. "Sikusubiri. Halafu nikakwambia sijui. Halafu nikakaa kimya ukaapa."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipoiwasha nikakuta mlima. Mimi ningeutolea wapi mlima?" Akaupepeta ungo mara mbili, makapi yakaruka. "Halafu nikakuona. Kila asubuhi hujanawa uso, unafunua kitambaa, unachungulia, unafunika. Siku ya tatu nikaelewa. Nikasema, maskini, huyu mtoto anangoja ijae."

Sikujua kama nalia mpaka nilipoona kibodi imelowa. Nilimuuliza kwa nini aliapa.

"Ningesema ni mtoto, wangesema namsingizia mtoto nifiche Ijumaa. Na jina lako lingeingia kwenye kesi. Unatujua sisi, jina likishaingia kwenye kesi mpaka wajukuu wanarithishwa. Langu lilikuwa limeshaingia. La kwako la nini?"

"Ungeniambia basi kwamba unajua. Miaka yote hii, Mama."

"Nilikuuliza mara moja, ukasema hujui. Nikaona nikikuuliza tena utadanganya tena, utazoea. Nikasema nitakungoja."

"Umengoja sana."

"Mwaka wa ukame inajaa polepole," alisema.

Akasimama kwa kushika fremu ya mlango, akaja hadi nyuma ya kiti changu, akainama kusoma skrini kwa miwani yake iliyofungwa uzi. Aliuliza kama humo ndani kuna kitu cha mtu. Nikamwambia hakuna, diski ni tupu.

"Basi bonyeza, twende nyumbani. Makande hayajipiki."

Nikabonyeza.